Jinsi viraka vya watengenezaji programu vinavyoweza kuvuruga tovuti

Na Mwandishi Wetu

MWEZI Machi mwaka 2018, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox walipata taarifa ya kushangaza. Toleo lao la majaribio lilikuwa limevuruga utendaji wa angalau tovuti moja maarufu, ingawa wenye tovuti hiyo hawakuwa wamegusa chochote.

Kilichobadilika ni kivinjari chenyewe, yaani programu ambayo mtumiaji huitumia kufungulia tovuti. Kilikuwa kimeongezewa neno moja tu la amri katika lugha ya JavaScript, ambayo ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya shughuli ndani ya kurasa za intaneti.

Neno hilo lilikuwa 'flatten'. Kazi yake ni kuchukua orodha iliyobeba orodha nyingine ndani yake na kuzifungua zote ziwe orodha moja. Kwa mfano, kampuni ya mabasi yenye orodha ya abiria ya kila basi inaweza kuagiza orodha hizo ziunganishwe, ikapata orodha moja ya abiria wote wa siku hiyo.

Hapakuwa na ubaya wowote katika kazi hiyo. Tatizo lilikuwa jina. Miaka mingi kabla ya hapo, maktaba ya programu inayoitwa MooTools ilikwisha kulichukua jina hilo hilo na kulipachika kwenye orodha zote za JavaScript, bila ya kuwa mwenye lugha.

Tukio hilo lilizusha mjadala mkali miongoni mwa wataalamu duniani. Kiini chake ni swali la muda mrefu katika taaluma ya kompyuta: je, ni salama kwa mtu kuongeza uwezo mpya kwenye kitu ambacho hakukitengeneza, na ambacho wengine pia wanakitumia?

Aina na mbinu zake

Ili kulielewa swali hilo, ni vyema kufahamu kwanza jinsi lugha za kompyuta zinavyopanga mambo yake. Katika lugha nyingi, kila kipande cha data kina aina yake. Namba ni aina, maandishi ni aina, tarehe ni aina na orodha nayo ni aina.

Kila aina huja na mbinu zake, yaani kazi ambazo kitu cha aina hiyo kinaweza kuagizwa kuzifanya. Maandishi yanaweza kuagizwa yageuke kuwa herufi kubwa. Orodha inaweza kuagizwa ijipange kwa mfuatano wa alfabeti. Tarehe inaweza kuulizwa imeangukia siku gani ya juma.

Aina za msingi hutengenezwa na wenye lugha, na mbinu zake huamuliwa nao. Hata hivyo, hakuna mwenye lugha awezaye kubashiri mahitaji ya watu wote. Anayetengeneza programu ya benki angependa maandishi yawe na mbinu ya kukagua namba ya akaunti. Anayetengeneza programu ya hospitali angependa tarehe ya kuzaliwa iwe na mbinu ya kutoa umri wa mgonjwa.

Mtengenezaji huyo anazo njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kuandika kazi inayojitegemea, kisha kuikabidhi data kila anapoihitaji. Njia hii ni salama, lakini hatua zikiwa nyingi msimbo husomeka kinyumenyume, kwa sababu hatua ya mwisho ndiyo inayoandikwa mwanzo na ile ya kwanza hujificha katikati ya mabano.

Njia ya pili ni kutengeneza aina mpya inayorithi tabia za ile ya zamani. Kasoro yake ni kwamba data inayotoka kwingine, kama vile kwenye hifadhidata au kwenye fomu iliyojazwa na mteja, huendelea kuja katika aina ya zamani. Mtengenezaji hulazimika kuibadilisha kila mara.

Ndipo inapokuja njia ya tatu, ambayo ni kuipachika mbinu mpya moja kwa moja kwenye aina iliyopo. Mara moja inatosha, na tangu hapo kila andishi, kila tarehe au kila orodha ndani ya programu hujikuta inayo mbinu hiyo kana kwamba ilizaliwa nayo.

Uhuru uliowavutia wengi

Wazo hili si geni. Lugha ya Smalltalk, iliyobuniwa katika miaka ya 1970 kwenye kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California, Marekani, ilimruhusu mtumiaji kuongeza mbinu kwenye aina yoyote, zikiwamo zile za msingi kabisa.

Uhuru huo ulirithiwa na lugha ya Ruby, iliyotolewa mwaka 1995 na Mjapani Yukihiro Matsumoto. Katika Ruby, aina yoyote iko wazi. Mtu anaweza kuifungua aina ya namba, akaiongezea mbinu, kisha akaifunga.

Mfano unaofahamika zaidi ni ule wa Rails, mfumo wa kutengenezea tovuti uliotolewa mwaka 2004 na David Heinemeier Hansson. Rails iliziongezea namba mbinu za muda, kiasi kwamba mtengenezaji anaweza kuandika '3.days.ago' na kompyuta ikamrudishia tarehe ya siku tatu zilizopita. Mstari huo husomeka karibu kama sentensi ya kawaida, na uzuri wa aina hiyo uliwavutia watengenezaji wengi wa tovuti.

Uhuru huo una gharama yake, na mfano wa nyumba ya kupanga unaweza kuieleza. Katika nyumba yenye wapangaji wengi, kila mmoja ana chumba chake, lakini bomba la maji ni moja na liko uani. Mpangaji akifunga taa ya rangi chumbani mwake, hiyo ni hiari yake. Akibadilisha koki ya bomba la uani ili iendane na mpira wake wa maji, amewabadilishia wote.

Wapangaji wengine hawatajua hadi watakapokwenda na ndoo zao. Hali huwa mbaya zaidi pale wapangaji wawili wanapobadilisha koki ile ile kwa nyakati tofauti, kwani atakayeshinda ni yule aliyebadilisha mwisho. Mwenye nyumba naye siku akileta koki yake mpya, anaweza kukuta wapangaji wamekwisha kujenga mambo yao yote juu ya ile ya mpangaji wa kwanza.

Kwa lugha ya kitaalamu, kubadilisha aina ya wote kwa namna hiyo ni kuweka kiraka wakati programu inaendelea kufanya kazi. Kiraka hicho hakibaki kwenye faili kilipoandikwa, bali huonekana katika programu nzima, pamoja na sehemu zilizoandikwa na watu wasiofahamiana.

Pengo la miaka kumi

Hakuna mahali ambapo mfano wa bomba la uani ulitimia kama katika JavaScript. Lugha hiyo ilibuniwa mwaka 1995 na Brendan Eich, wakati huo akiwa na kampuni ya Netscape, na toleo lake la kwanza liliandikwa kwa siku kumi tu.

Katika JavaScript, orodha zote za ukurasa mmoja huchota mbinu zake kutoka kwenye kiolezo kimoja kikuu. Ndivyo ilivyo pia kwa maandishi na namba. Msimbo wowote uliopakiwa kwenye ukurasa unaweza kukiandika upya kiolezo hicho, uwe umeandikwa na mwenye tovuti, umetoka kwenye maktaba, au umekuja na tangazo la biashara lililopachikwa pembeni.

Kwa muda mrefu watengenezaji walikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Toleo la tatu la kanuni rasmi za lugha hiyo lilitolewa mwaka 1999, na toleo la tano likaja mwaka 2009. Toleo la nne liliachwa mwaka 2008 baada ya wahusika kushindwa kuafikiana. Kwa takriban miaka kumi, lugha rasmi ilisimama wakati intaneti ikikua kwa kasi.

Mahitaji yaliyokosekana yalikuwa ya kila siku. Mteja anapojaza jina lake kwenye fomu na kuacha nafasi tupu mwanzoni au mwishoni, tovuti inahitaji kuziondoa nafasi hizo kabla ya kulihifadhi jina. JavaScript haikuwa na mbinu rasmi ya kazi hiyo hadi toleo la mwaka 2009.

Maktaba huru ndizo zilizoziba pengo hilo. Mwaka 2005, Sam Stephenson alitoa maktaba ya Prototype, ambayo iliviongezea violezo vikuu mbinu nyingi kwa mtindo wa Ruby. Mwaka 2006, Valerio Proietti alitoa MooTools, iliyofuata njia hiyo hiyo. Tovuti nyingi ulimwenguni zilijengwa juu ya maktaba hizo.

Haitakuwa haki kusema kuwa kazi hiyo ilikuwa ya hasara tupu. Mbinu inayoitwa 'bind', iliyopata umaarufu kupitia Prototype, iliingizwa katika kanuni rasmi mwaka 2009. Kwa njia hiyo, viraka vya watengenezaji vilikuwa pia uwanja wa kuyajaribu mawazo ambayo baadaye yalikubaliwa na wenye lugha.

Si maktaba zote zilizofuata njia hiyo. jQuery, iliyotolewa na John Resig mwaka 2006, iliamua kutogusa aina za wengine. Mbinu zake zote iliziweka ndani ya kitu chake yenyewe, kama mpangaji anayefunga koki yake ndani ya chumba chake. Ndiyo maana matoleo mapya ya lugha hayakugongana nayo kwa namna yalivyogongana na Prototype na MooTools.

Migongano yaanza

Dalili za hatari zilionekana mwaka 2008. Vivinjari vipya, kikiwamo Firefox 3, vilileta mbinu rasmi ya kutafuta sehemu za ukurasa kwa jina la kundi lake. Prototype ilikuwa na mbinu yenye jina hilo hilo, lakini matokeo yake yalikuwa tofauti.

Mbinu ya Prototype ilirudisha orodha iliyoongezewa uwezo wa ziada, ukiwamo ule wa kupitia kipengele kimoja baada ya kingine. Mbinu ya kivinjari ilirudisha mkusanyiko usio na uwezo huo. Kurasa zilizotegemea matokeo ya kwanza zilikwama zilipopewa ya pili.

Mwaka 2014 ikawa zamu ya neno 'contains'. Kamati ya TC39, inayosimamia kanuni za JavaScript chini ya shirika la viwango la Ecma International, ilitaka kuziongezea orodha mbinu ya kuuliza kama kitu fulani kimo ndani yake. Ilibainika kuwa jina hilo liligongana na msimbo wa MooTools katika tovuti zilizokuwa zikitumika.

Kamati ilirudi nyuma na kuchagua neno 'includes'. Jina hilo lilianza kutumika rasmi kwa maandishi mwaka 2015 na kwa orodha mwaka 2016. Watengenezaji wanaojiuliza kwa nini JavaScript inasema 'includes' wakati lugha kadhaa nyingine zinasema 'contains' wana jibu lao hapo.

Mgongano wa mwaka 2018 ulikuwa wa aina yake, kwani kwa mtazamo wa haraka haukupaswa kutokea. MooTools ilikuwa ikiandika mbinu yake ya 'flatten' juu ya ile ya kivinjari bila kuuliza. Kwa hiyo ingetarajiwa kuwa kurasa za zamani zingeendelea kupata mbinu ile ile ziliyoizoea.

Siri ilikuwa kwenye jambo dogo. Mbinu iliyoongezwa na mtu kwa njia ya kawaida huonekana wakati programu inapoyapitia majina yote yaliyomo kwenye kiolezo. Mbinu rasmi za kivinjari zina alama inayozificha zisionekane katika upitiaji huo.

MooTools, ikianza kazi, ilikuwa ikiandika mbinu zake kwenye kiolezo cha orodha. Kisha ilikipitia kiolezo hicho na kunakili kila jina lililoonekana, ikalipeleka kwenye aina yake nyingine inayoshika sehemu za ukurasa.

Kivinjari kilipokuja na 'flatten' yake, jina hilo lilikuwa limekwisha kupigwa alama ya kufichwa. MooTools iliandika mbinu yake juu yake, lakini alama ilibaki pale pale. Ulipofika wakati wa kunakili, jina halikuonekana, likaachwa. Ukurasa ulipoiita mbinu hiyo kwenye sehemu zake haukuikuta, na msimbo ukasimama.

Kwa nini wazee wasiachwe nyuma

Habari hizo zilipoenea, baadhi ya watengenezaji walisema MooTools imepitwa na wakati na tovuti zinazoitegemea ziachwe zivunjike. Walihoji kwa nini lugha nzima ibebe mzigo wa maktaba ambayo watu wapya hawaitumii tena.

Michael Ficarra, mmoja wa wahusika wa pendekezo hilo katika kamati, alitoa kwa mzaha jina mbadala la 'smoosh', neno la Kiingereza la mtaani lenye maana ya kuponda au kubana pamoja. Wengi hawakutambua kuwa ni mzaha, na hasira zikapanda zaidi.

Wanaosimamia vivinjari walikuwa na hoja nzito. Programu ya kawaida ya kompyuta huwa na toleo lake, na mtumiaji anaweza kubaki na la zamani akitaka. Ukurasa wa intaneti hauna nafasi hiyo. Kivinjari kimoja, kilichosasishwa leo asubuhi, ndicho kinachofungua ukurasa ulioandikwa jana na ule ulioandikwa miaka ishirini iliyopita.

Aidha, kurasa nyingi za zamani hazina mtu wa kuzirekebisha. Aliyezitengeneza alikwisha kuhama kazi, kampuni iliyolipia imefungwa, au taasisi haina bajeti. Hata hivyo zinaendelea kusomwa, kujazwa fomu na kutoa huduma.

Mwananchi anayekuta fomu haipeleki taarifa zake hawezi kujua kuwa chanzo ni jina la mbinu. Atakilaumu kivinjari na kuhamia kingine, au atakata tamaa na huduma yenyewe. Kwa sababu hiyo, kanuni ya kutoivunja wavuti iliyopo huheshimiwa mno na kamati na watengenezaji wa vivinjari.

Mwezi Mei mwaka 2018 kamati iliamua. Jina likawa 'flat', na mbinu hiyo ikaingizwa katika kanuni rasmi za mwaka 2019.

Hata baada ya hapo mambo hayakuisha. Pendekezo la kupanga vipengele vya orodha kwa makundi lilipewa jina la 'groupBy', likagongana na maktaba nyingine iitwayo Sugar. Lilipobadilishwa kuwa 'group' nalo lilikuta msimbo wa zamani umekwisha kulitumia jina hilo kwa namna yake. Hatimaye kamati iliacha kabisa kuigusa aina ya orodha. Kazi hiyo iliwekwa mahali pengine, ikiitwa 'Object.groupBy', na kuingia katika kanuni za mwaka 2024.

Kuongeza bila kugusa cha wengine

Wakati JavaScript ikihangaika na majina, lugha nyingine zilitafuta namna ya kupata faida ya kuongeza mbinu bila kugusa bomba la uani.

Kampuni ya Microsoft ilitoa jibu lake mwezi Novemba 2007 katika toleo la tatu la lugha ya C#, ambayo msanifu wake mkuu alikuwa Anders Hejlsberg. Wakati huo ilitaka makusanyo yote ya data yapate mbinu nyingi mpya za kuchuja, kupanga na kujumlisha.

Kuziandika mbinu hizo ndani ya mkataba wa pamoja wa makusanyo hayo kungemlazimisha kila aliyekwisha kutengeneza mkusanyiko wake aurekebishe. Badala yake, C# ilimruhusu mtengenezaji aandike kazi inayojitegemea, kisha aweke alama kuwa kazi hiyo iitwe kana kwamba ni mbinu ya aina fulani.

Aina yenyewe haibadiliki hata chembe. Kabla programu haijaendeshwa, mkusanyaji wa lugha hugeuza mwito huo kuwa mwito wa kawaida wa kazi inayojitegemea. Jambo la msingi zaidi ni kwamba mbinu hiyo huonekana tu katika faili lililotamka wazi kuwa linaihitaji. Faili la jirani haliathiriki.

Mtindo huo ulifuatwa na Kotlin, lugha iliyotangazwa na kampuni ya JetBrains mwaka 2011 na kukamilika toleo lake la kwanza mwaka 2016. Mwaka 2017, Google iliikubali rasmi kwa kutengenezea programu za simu za Android, na mwaka 2019 ikaipa kipaumbele. Kwa kuwa simu nyingi za kisasa zinazotumika Afrika Mashariki ni za Android, njia hiyo ya kuongeza mbinu inatumika pia ndani ya programu ambazo wakazi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hubeba mifukoni.

Ruby nayo ilitafuta suluhisho bila kuuacha utamaduni wake. Toleo la 2.0, lililotoka Februari 2013, lilileta kwa majaribio utaratibu wa kuibadilisha aina ndani ya mipaka iliyotajwa tu. Utaratibu huo ulithibitishwa katika toleo la 2.1 mwezi Desemba mwaka huo huo. Njia ya zamani ya kufungua aina kwa wote haikufutwa.

Lugha nyingine zimechagua ukali. Python humruhusu mtu kuzigusa aina alizozitengeneza, lakini humkatalia akijaribu kupachika mbinu kwenye aina ya msingi ya maandishi. Go haimruhusu mtu kuongeza mbinu kwenye aina iliyotoka kwenye kifurushi cha mwingine, bali humtaka atangaze aina yake mwenyewe.

Java kwa muda mrefu haikuwa na njia ya kuongeza mbinu kwenye aina ya mwingine. Toleo lake la nane, la mwaka 2014, lilimpa mwenye mkataba wa pamoja uwezo wa kuongeza mbinu yenye utekelezaji wake bila kuwavunjia walioutumia mkataba huo. Hapo anayeongeza ni mwenye nyumba, si mpangaji.

Hatari zilizobaki

Wataalamu wanakubaliana kuwa kuweka mipaka kunapunguza madhara, lakini hakuyamalizi. Katika C# na Kotlin, ikitokea aina yenyewe ina mbinu yenye jina na vigezo vile vile, mbinu ya aina ndiyo inayoshinda daima.

Maana yake ni kwamba leo mtengenezaji anaweza kuandika mbinu yake ya ziada, na mwakani mwenye aina akaleta mbinu yenye jina lile lile. Programu itakapokusanywa upya, mwito utahamia kwenye mbinu ya mwenye aina. Kotlin hutoa onyo mbinu ya ziada inapofunikwa namna hiyo. Katika C#, mabadiliko hayo yanaweza kupita kimya kimya.

Lugha ya Objective-C, iliyotumika kwa miaka mingi kutengenezea programu za kompyuta na simu za Apple, inatoa funzo jingine. Viongezo viwili vikiipa aina moja mbinu zenye jina moja, haijulikani ni ipi itakayotumika programu inapoendeshwa. Kwa sababu hiyo, Apple iliwashauri watengenezaji watangulize herufi za utambulisho wao katika majina ya mbinu wanazoziongeza kwenye aina za mfumo wake.

Lipo pia suala la usomaji. Mtu mpya anayekuta namba ikiitwa kwa mbinu asiyoifahamu hawezi kujua kwa kutazama tu kama ni ya lugha, ya maktaba au ya mwenzake wa ofisini. Viongezo vikiwa vingi mno, kila ofisi hujikuta ina lahaja yake ya lugha ile ile.

Kutokana na uzoefu huo, yapo mambo yanayokubalika kwa upana miongoni mwa watengenezaji makini. Kwanza, anayeandika maktaba itakayotumiwa na wengine asiguse kabisa aina za msingi za wote, kwa sababu hajui atakaa na nani katika ukurasa mmoja.

Pili, anayetaka kuvipa vivinjari vya zamani mbinu rasmi iliyochelewa kuvifikia aiandike kama kanuni inavyosema, na asubiri hadi kanuni hiyo ikamilike. Kuiandika mapema, wakati kamati bado inajadili, ni kurudia kosa la kulichukua jina kabla ya mwenye lugha.

Tatu, pale lugha inapotoa njia yenye mipaka, itumike hiyo. Na pale isipotoa, kazi inayojitegemea inatosha, hata kama msimbo hautapendeza sana machoni.

Ofisi na kampuni zinazoagiza tovuti nazo zina sehemu yake. Ni vyema mkataba ukataja maktaba zilizotumika na matoleo yake, na ukaeleza nani atakayezisasisha baada ya mtengenezaji kuondoka. Pia ni busara kuijaribu tovuti mara kwa mara katika matoleo ya majaribio ya vivinjari, kwani ndiko mgongano wa mwaka 2018 ulikogunduliwa kabla haujawafikia watumiaji wa kawaida.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Walioandika 'flatten' katika MooTools walikuwa wakitatua tatizo halali la wakati wao, kwa njia ambayo lugha yenyewe iliwaruhusu. Bili ya uamuzi huo ilikuja kulipwa miaka mingi baadaye na kamati, watengenezaji wa vivinjari na wenye tovuti ambao wengi wao hawakushiriki katika kuuamua.